Huruma kwa Muuaji

Tarehe 5 Novemba 1964, safu ya jeshi la serikali pamoja na mamluki wa Mike Hoare iliingia Kindu, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, na kuutwaa kutoka kwa Simba, waasi walioushika tangu Julai. Mwaka 1968 Jack Cardiff alitoa filamu ya Dark of the Sun, kisa cha mamluki na Simba katika vita hivyo hivyo, iliyopigwa Jamaika. Tangu hapo, watazamaji wa nchi nyingi wamemwombea mamluki anusurike. Mtu anayeua kwa malipo huipataje dua yetu?

Kwanza, sinema humpa uso. Mrusi Lev Kuleshov alisimulia jinsi alivyouonyesha uso mmoja wa mwigizaji, uleule usiobadilika, ukifuatwa na bakuli la supu, kisha jeneza. Watazamaji waliona njaa, halafu majonzi. Hisia hizo walizitia wao wenyewe. Ndivyo tunavyomfanyia Kapteni Curry, mamluki wa Dark of the Sun anayeigizwa na Rod Taylor: kamera inasogea karibu, yeye ananyamaza, sisi tunamjazia utu kutoka mioyoni mwetu.

Pili, humpa jirani aliye mbaya kumzidi. Henlein, mamluki mwenzake aliyekuwa askari wa Wanazi, anawaua watoto wawili wa Kikongo. Baada ya hapo dhambi za Curry zinaonekana nyepesi. Ubavuni mwake yupo Ruffo, Mkongo anayepigania nchi yake kwa imani. Heshima tunayompa Ruffo inamfikia na rafiki yake.

Tatu, hutufunga kwenye saa yake. Curry ametumwa kwa treni kuwaokoa watu na almasi. Kasha la almasi lina kufuli ya saa, halifunguki kabla ya wakati wake, na Simba wanakaribia. Tunahesabu dakika pamoja naye. Treni inapoondoka, kombora linalikata behewa la mwisho nalo linarudi nyuma polepole, abiria wakiwa ndani, kuelekea kwa waasi. Anayengoja pamoja na mtu huwa upande wake kabla hajamhukumu.

Lakini Simba wanaolipokea behewa lile hawana majina, hawana mama, hawana sababu. Ni kelele na moto tu. Simba wa kweli walikuwa watoto wa nyumba za hapa Maniema na kwingineko mashariki, waliokulia katika uhuru ambao matunda yake hawakuyaona, wakaambiwa kwamba Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, ameuawa, wakaamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Nao waliwaua raia wengi, hasa wasomi na watumishi wa serikali. Hao waliouawa nao filamu haikuwapa uso.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba ni vibaya kumhurumia muuaji. Huruma yenyewe haina kosa. Kosa liko katika mgao wake, pale mmoja anaporundikiwa ukaribu, muziki na muda, na wengine wananyimwa hata jina, mpaka vifo vyao vinakuwa mapambo ya safari yake.

Njia nyingine ipo. Rebelle ya Kim Nguyen, iliyopigwa Kongo na kutoka mwaka 2012, inamfuata Komona, msichana wa miaka 12 anayelazimishwa na waasi kuwaua wazazi wake, kisha anakuwa askari wao. Rachel Mwanza, msichana aliyeishi mitaani Kinshasa, alimwigiza akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Berlin. Komona anamsimulia mtoto aliye tumboni mwake, na sauti hiyo inatuweka ndani yake. Hata hivyo waliokufa hawaondoki: wanarudi, miili imepakwa rangi nyeupe, wanamtazama. Tunamhurumia bila kuruhusiwa kuwasahau.

Kwa hiyo filamu yenye muuaji tuipime kwa swali moja: waliouawa wamepewa nini? Kijana wa Kasuku au Alunguli, mitaa ya Kindu, atakayeipiga filamu ya Kindu ya 1964 amfuate Simba, amfuate na mamluki akitaka, aingie hadi mioyoni mwao. Ila awape majina makarani na walimu waliouawa, na kamera ikae juu ya nyuso zao muda uleule inaokaa juu ya uso wa mwenye bunduki.