Namba Tisa

Hapa Mgololo, mechi ya vijana ikiisha, mabishano ndiyo yanaanza: nani namba moja, nani namba mbili. Nami nina orodha yangu, na huitetea kama mtu anavyotetea Simba au Yanga.

Kinachonisumbua ni kwamba orodha haitabiri tu, inatenda. Namba moja hupewa viatu, dakika nyingi na jicho la kocha. Namba tisa hukaa benchi. Mwaka ukiisha, pengo dogo limekuwa kubwa, nasi twajisifu: si tulisema? Pengine mmoja alizaliwa Januari na mwenzake Desemba. Kwa mtoto, miezi 11 ni kifua na miguu.

Mwaka 2020 Mbwana Samatta akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tunamhesabu aliyefika, walioachwa njiani hatuwahesabu.

Shamba la paina hupunguzwa ili miti inayobaki inenepe. Iliyokatwa huweza kwenda kiwandani ikawa karatasi. Mtoto aliyepunguzwa huenda wapi?

Kocha lazima achague 11. Lakini kuchagua ni kukopa: msimu ujao amrudie namba tisa, amtazame kana kwamba hajawahi kumwona.