Jeraha na Uzito: Mas'ala ya Windo la Bunduki ya Upepo

Miongoni mwa mas'ala ambayo wanazuoni wa kale waliyatolea hukumu kabla chombo chenyewe hakijafika mikononi mwetu, limo hili la ndege aliyeuawa kwa bunduki ya upepo: je, nyama yake ni chakula kilichoruhusiwa, au ni mzoga usiomfaa Mwislamu? Mtu wa mjini, ambaye kuku humfikia amekwisha chinjwa na kunyonyolewa, aweza kuliona swali hili dogo. Lakini katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambako kanga na kware huingia katika mashamba ya mahindi na maharage, na ambako Waislamu, Wakristo na wenye kushika itikadi za wazee wao wa Kiiraqw na Kidatoga hukaa jirani kwa jirani na kualikana vyakulani, swali la nini kilichomuua mnyama ni swali la ujirani kama lilivyo swali la ibada. Nalo haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua bunduki yenyewe inavyofanya kazi, kwa kuwa hukumu yake imesimama juu ya namna ya jeraha, na jeraha huzaliwa na nguvu.

Bunduki za upepo zinazotumika aghalabu ni za namna mbili. Katika ile ya springi, mpigaji huukunja mtutu, au huvuta wenzo ulio ubavuni, na kwa nguvu ya mkono wake mwenyewe huibana springi nzito ya chuma nyuma ya pistoni mpaka inasike. Akivuta triga springi hukunjuka, pistoni huruka mbele ndani ya silinda, na hewa iliyokuwamo, ambayo mpaka dakika ile ni hewa ileile tuivutayo sote, hushindiliwa kwa ghafla na kukisukuma kidonge kidogo cha risasi kitoke mtutuni. Katika ile ya pili hakuna springi ya kuishindilia hewa wakati wa kupiga, kwani hewa yake imekwisha shindiliwa mapema, kwa pampu ya mkono, kwa kompresa au kwa mtungi kama ule wa wapiga mbizi, hadi chupa iliyofungwa chini ya mtutu ikabeba mkandamizo wa baa 200, na katika nyingine 300, yaani mara mia mbili au mia tatu ya uzito wa anga la pwani. Triga ikivutwa, nyundo ndogo huigonga vali, vali hufunguka kwa muda usiowahiwa na jicho, na sehemu kidogo ya ile akiba hutoka na kufanya kazi yake.

Tofauti hii si ya mafundi peke yao. Bunduki ya springi hutikisika mbele na nyuma kabla kidonge hakijaondoka mtutuni, kwa sababu springi na pistoni vina uzito na vyote viwili viko mwendoni, na kwa hiyo mkono usioujua mtikisiko huo hulikosa lengo hata jicho likiwa limelenga sawasawa. Ilhali bunduki iliyojazwa hewa hutulia kama iliyokwisha maliza shughuli yake jana. Hii ya pili nayo ina ila yake: kila pigo hupunguza akiba, na pasipo kirekebishi cha mkandamizo pigo la mwisho halifanani na la kwanza. Tena nchi yenyewe huingia katika hesabu. Ziwa Eyasi liko mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Mbulu ziko juu zaidi, ambako hewa ni nyepesi. Silinda ya springi hujaa hewa hiyo nyepesi, ikapata kitu kidogo zaidi cha kushindilia, na nguvu ya pigo ikapungua, lakini chupa iliyojazwa haijali mwinuko, kwa maana imebeba hewa yake yenyewe.

Isidhaniwe kwamba hii iliyojazwa ni uzushi wa zama zetu. Jeshi la Austria liliipokea bunduki ya Girardoni karibu na mwaka 1780. Chupa yake ya hewa ndiyo iliyokuwa kitako cha bunduki, na kuijaza kulihitaji mapigo ya pampu yapatayo 1,500, kazi ambayo askari aliifanya akiwa salama ili asiifanye mbele ya adui. Hapo ndipo kilipo kiini cha chombo hiki: taabu imetenganishwa na tendo. Mtu huchoka leo, akaua kesho bila ya kuchoka.

Sasa tuirejee sheria. Sura ya Al-Maida, katika aya yake ya tatu, imewataja wanyama walioharamishwa, na miongoni mwao yumo aliyekufa kwa kupigwa, yaani aliyeuawa na uzito wa rungu au jiwe bila ya kukatwa. Adiyy bin Hatim, sahaba aliyekuwa mwindaji, alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya windo la mshale usio na manyoya, akajibiwa kwamba lililopatwa na ncha ikalitoboa na liliwe, na lililopigwa na ubavu wa mshale likafa lisiliwe, kwani hilo ni la kupigwa. Imamu Nawawi wa madhehebu ya Kishafii, ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa katika madarasa ya pwani yetu vizazi kwa vizazi, aliweka katika fungu la vitu vya uzito hata kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde maalumu, akaharamisha mnyama aliyekufa kwacho. Kwa Mshafii, basi, njia inaonekana imefungwa: kidonge cha risasi ni ndugu wa kidonge cha udongo, hakina makali, na kilichouawa nacho ni haramu.

Lakini baruti ilipoenea wanazuoni walirudi kulitazama jambo upya. Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, alitoa rai kwamba risasi ya bunduki hutoboa ikaingia mwilini na kutoka, wala haipondi kama jiwe, na kwa hiyo windo lake ni halali ikiwa jina la Mungu lilitajwa wakati wa kupiga. Rai hii haikukubaliwa na wote, na wengi wa maulamaa wa madhehebu walibaki katika hadhari yao. Hata hivyo, ina nguvu ya hoja ambayo siwezi kuipuuza, kwa kuwa haikuuliza chombo kinaitwaje wala kimefanana na nini, bali iliuliza kimefanya nini katika nyama. Hapo hapo ndipo bunduki zetu mbili zinapoachana. Uingereza, ambayo imeweka mpaka wa bunduki ya upepo isiyohitaji cheti, iliuweka katika nguvu ya juli 16 hivi. Nyingi za springi hukaa jirani na mpaka huo, na katika mwendo mrefu kidonge chao huweza kumpiga kanga juu ya bawa, kikavunja mfupa na kusimama chini ya ngozi. Iliyojazwa hewa huweza kutengenezwa ikapita kiasi hicho mara mbili, mara tatu na zaidi, na kidonge chake kikatoboa upande huu na kutokea upande wa pili. Katika kipimo cha Shawkani, huyu wa pili ametobolewa, na yule wa kwanza ana shubuha ya kuwa amepondwa.

Na hapa linazuka jambo ambalo limenishughulisha kuliko yote. Kwa Mshafii anayeifuata Minhaj, bunduki dhaifu ina faida ambayo bunduki kali haina: ndege aliyepigwa na springi mara nyingi huanguka akiwa na uhai uliothibiti, mpigaji akamkimbilia, akamchinja kwa kisu, na nyama ikawa halali bila ya khitilafu, ilhali ndege aliyepigwa na ile kali hufa papo hapo, na kwa kufa kwake papo hapo ameingia katika shaka. Yaani rehema na sheria zimeonekana kuvutana, moja ikitaka mnyama afe upesi, nyingine ikitaka asiwe amekufa. Je, inawezekana kwamba Mola aliyewaamrisha waja wake kufanya wema katika kila kitu, hata katika kuua, kama ilivyo katika hadithi ya Shaddad bin Aws, apendezwe na mateso ya kanga mwenye bawa lililovunjika ili tu kisu kimwahi?

Siamini. Naona kosa limo katika kulinganisha kwetu, si katika sheria. Hadithi hiyohiyo imeamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe, na sharti la makali katika mshale halina budi kufahamika pamoja na amri hiyo, maana ncha itoboayo na kisu kikatacho hufungua njia ya damu, na rungu huacha maumivu yakitembea mwilini. Anayechagua bunduki dhaifu kwa kusudi la kumjeruhi tu, ili apate nafasi ya kuchinja, ameitumia ruhusa ya sheria dhidi ya makusudio yake. Wema wake ungekuwa katika kujongea: kukaribia mpaka mwendo ambao hata springi hutoboa, na kumpiga kanga kichwani, si bawani.

Kujongea huku ndiyo elimu ya Wahadzabe wa bonde la Yaeda, katika wilaya ya Mbulu, ambao mwaka 2011 walipatiwa hati za kimila za ardhi yao. Mtoto wao wa kiume hupewa upinde akiwa mdogo, akafunzwa kuwinda ndege kwa mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha. Wakubwa hutumia mishale ya chuma, ambayo aghalabu ilifuliwa na wahunzi wa Kidatoga, na kwa wanyama wakubwa huipaka sumu iliyopikwa kutokana na miti ya porini. Fikihi ya Kishafii haikubali windo lililosaidiwa kufa na sumu, wala sisemi hapa juu ya uhalali wa chakula chao kwetu. Nasema juu ya mkono. Upinde hauna akiba. Nguvu itakayoupeleka mshale imo mgongoni na begani mwa mpigaji wakati uleule anaotazamana na mnyama, nayo haiwezi kushikwa kwa muda mrefu, hivyo uamuzi wa kuachia au kutoachia hufanywa misuli ikiwa inauma. Bunduki ya springi imehifadhi kitu cha upinde huu, kwa kuwa kila pigo linadai mkunjo wake. Iliyojazwa hewa, hususan yenye kijaluba cha vidonge kumi, haidai kitu.

Wapo watakaosema kwamba kwa sababu hiyo springi ina adabu zaidi. Nimeipima hoja hii kwa muda, na siikubali kwa ujumla wake. Taabu ya mkono humfunza mtu kusitasita, ni kweli, lakini kanga hafaidiki kwa jasho la mpigaji. Anafaidika kwa kufa mara moja au kwa kuachwa aende zake. Kinachodaiwa kwa mwenye bunduki iliyojazwa ni kwamba ule usitaji uliokuwa ukitoka kwenye springi sasa utoke katika nafsi. Katika madhehebu yetu kutaja jina la Mungu wakati wa kupiga ni sunna, na wakati wake ni wa kuachia, si wa kupampu. Vidonge kumi vya mjazo mmoja ni mauaji kumi, na kila moja lina haki ya kutajiwa. Mtu akizoea hivyo, akatamka kwa moyo uliohudhuria kabla ya kila triga, hataweza kufyatua kwa pupa.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa na kijana wa Kateshi au wa Haydom mwenye kibali cha kuwinda, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimwachii mtu kuwinda apendavyo, ningemwambia achukue bunduki yenye nguvu ya kutosha kutoboa, awe na kisu kikali kiunoni, aende mbio kwa ndege aliyeanguka, na akimkuta hai amchinje. Akimkuta amekufa, alitazame jeraha: pasipo tundu, pakiwa na mfupa uliopondwa tu, asile, kwa rai yoyote ile. Pakiwa na tundu lililopita, wanazuoni wamekhitilafiana, na Mshafii mwenye kuihofia dini yake amwache. Wala asimpe jirani yake Mkristo kama anayempa kitu duni, bali amweleze ilivyokuwa na amwachie hiari yake.

Imebaki habari ya kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka. Katika nyanda za Basotu, chini ya mlima Hanang, ambako mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970 na wafugaji wa Kibarabaig wakapoteza malisho mengi, ndege hawa huweza kushuka kwa makundi yasiyohesabika, na mkulima ana haki ya kuilinda nafaka yake. Lakini bunduki ya upepo, ya springi au ya kujazwa, haiwezi kulipunguza kundi la namna hiyo kwa kiasi cha kuokoa hata jaruba moja. Anayesimama hapo akifyatua kidonge baada ya kidonge halindi ngano. Amewafanya viumbe wenye roho kuwa shabaha, jambo ambalo Mtume alilikataza waziwazi, na udhuru wa njaa ya watoto wake hauwezi kumsimamia, kwa kuwa jioni ngano italiwa vilevile.