Kasoro Itajwe Kabla ya Bei

Katika biashara ya mitumba pande mbili hazilingani. Muuzaji amekaa na bidhaa siku kadhaa, ameifungua, ameifuta vumbi, anajua inavyopata moto na inavyokata chaji. Mnunuzi ana dakika chache za kusimama kaunta, na nyuma yake kuna mtu anaulizia kava la simu. Ndiyo maana siamini kwamba mzigo wa uaminifu unaweza kugawanywa nusu kwa nusu baina yao. Unamwangukia anayejua zaidi. Nimelitafakari sana jambo hili tangu nilipoingia Kariakoo kutafuta kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, na msimamo niliotoka nao sioni sababu ya kuuma maneno kuusema: kasoro itajwe kabla ya bei.

Nilikuwa natafuta ile aina ambayo kioo kinachomoka kwenye kibodi kikawa kishikwambi. Kazi yangu ni kuhariri miswada. Asubuhi naandika na kujibu barua, nahitaji kibodi. Jioni nasoma kurasa za watu, na hapo nataka kioo nikishike mkononi, niandike pembeni kwa kalamu kama nilivyokuwa nafanya kwenye karatasi. Mpya zina bei isiyolingana na kipato cha mhariri. Za mtumba zipo, kwa sababu makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, na zile zinazotolewa huuzwa kwa jumla, zikakarabatiwa na kusafirishwa, nyingi zikipitia Dubai kabla ya kufika kwetu. Sioni unyonge wowote katika hilo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 baadaye viligawiwa walimu, na vinafanya kazi shuleni.

Aliyezoea kompyuta za kawaida hudhani uhai wa mashine uko chini, penye kibodi. Kwenye aina hii uko juu. Prosesa, betri, hifadhi, spika na kamera vyote vimebanwa nyuma ya kioo, katika unene wa kama sentimita moja. Kibodi ni kifuniko tu kinachoshikwa kwa sumaku na kupata umeme kupitia vipini vidogo vya rangi ya dhahabu kwenye ukingo. Kwa hiyo hata kasoro zake zina mahali pake pa kujificha. Vipini vikiingia uchafu, kibodi hukatika katikati ya sentensi. Kioo kinaweza kung'aa vizuri kabisa huku sehemu yake moja haisikii kidole, na huwezi kujua mpaka uburute kidole polepole, ukingo hadi ukingo, mstari kwa mstari. Mguu wa nyuma unaosimamisha kioo ukilegea, mashine huenda chali. Kalamu nyingi zinatumia betri nyembamba ya AAAA, herufi nne, ambayo duka la mtaani halina. Halafu kuna kibodi zilizotengenezewa nchi nyingine: za Ujerumani zimebadilishana nafasi za Y na Z, na za Ufaransa zimeweka Q pale vidole vyetu vilipozoea kuikuta A. Ukurasa wa Kiswahili una A ngapi? Mtu anayeandika kutwa nzima ana haki ya kuambiwa hilo kabla hajatoa pesa.

Betri ndiyo inayofichika kuliko vyote. Betri ya lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na kutumika, na huchakaa upesi zaidi kwa joto na kwa kukaa imejaa muda wote. Mashine iliyochomekwa ukutani ofisini miaka minne inaweza kutoka ikiwa haina hata mkwaruzo huku betri imekwisha kabisa. Lakini Windows yenyewe inaweka kumbukumbu. Ukiandika amri ya powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti yenye namba mbili: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na uwezo ilionao leo. Kazi hiyo haimalizi dakika moja. Muuzaji anayekataa amri hiyo iandikwe mbele ya mnunuzi, mimi siwezi kununua kwake.

Tuliosoma madrasa tunakijua kisa cha Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopita sokoni na kuingiza mkono ndani ya rundo la nafaka. Juu palikuwa pakavu, ndani vidole vikakuta unyevu. Alipouliza, mwenye mali akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuificha chini ya nafaka kavu badala ya kuiweka juu watu waione. Ninapofikiria ripoti ile ya betri nauona mkono ule ukiingia ndani ya rundo. Na jambo ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba hakuna aliyekatazwa kuuza nafaka iliyolowa. Iliyolowa ina mnunuzi wake na ina bei yake, ilimradi ijulikane imelowa.

Katika duka moja dogo Mtaa wa Aggrey, kijana aliyekuwa kaunta hakungoja niulize. Nilikuwa nimeelekeza kidole kwenye HP Elite x2 ya mwaka 2017.

"Karibu, mama," akasema. "Kabla hatujaongea bei, ngoja nikuonyeshe kitu."

Akachomoa kioo, akakigeuza, akanionyesha mchubuko kwenye kona ya chini, saizi ya ukucha wa kidole kidogo. Akaandika ile amri, akanisogezea ripoti: imebaki robo tatu. Akaizima, akaiwasha tena, akaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, nione kwamba hakuna nenosiri lililoachwa na kampuni ya mwanzo. Mashine za ofisini wakati mwingine huja zimefungwa hivyo, na ukikutana nayo umenunua kipande cha kioo.

"Na vitu vya mwenyewe wa kwanza, mwanangu?" nikamuuliza. "Mafaili, picha?"

"Tunafuta zote kabla haijapanda kwenye shelfu, mama. Hatufungui kuangalia. Si vyetu."

Neno hilo la mwisho lilinigusa kuliko punguzo lolote. Kompyuta iliyotumika hubeba maisha ya mtu: mishahara, barua za ugomvi na bosi, picha za watoto wake. Mwenye mali yuko mbali, hamjui kijana huyu wala hatamjua. Kukaa na siri ya mtu ambaye hatakuja kukuuliza, na ukaitunza, hiyo ndiyo amana tuliyofundishwa nyumbani.

Kando ya ile HP palikuwa na Surface Pro 6 ya Microsoft, ya mwaka 2018, kioo kizuri, nyepesi, na kwa bei ambayo kwa kujibana ningeiweza. Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mgumu, nami niliamua kwa kumsikiliza fundi mmoja. Windows 10 iliacha kupata matunzo ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai, isipokuwa kwa wachache, prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele. Surface ile ina kizazi cha nane, inaingia. HP ina cha saba, imeachwa nje, japo ni nzima na inafanya kazi yangu yote bila kulalamika. Lakini Surface za miaka ile zimegundishwa. Ili kufika kwenye betri, fundi anapasha kioo moto na kukibandua, na kioo chembamba kama kile hupasuka kwa urahisi. iFixit, wale wanaopima urahisi wa kutengeneza vifaa, waliipa Surface Pro ya 2017 alama 1 kati ya 10. Dada mkubwa wa HP niliyokuwa naitazama, Elite x2 1012 G1, walimpa 10. Anafunguliwa kwa bisibisi.

Kwa hiyo moja inafunguka na imetelekezwa na programu; nyingine inatunzwa na programu na haifunguki. Siioni hali hii kama bahati mbaya ya teknolojia. Kuna watu waliokaa mezani wakachagua gundi badala ya skrubu, na wengine wakachora mstari kati ya kizazi cha saba na cha nane. Tukimtaka muuzaji wa Aggrey aseme ukweli, tunao wajibu wa kuwataka na wao. Boksi la kompyuta mpya linaandika kasi na ukubwa wa hifadhi kwa herufi kubwa. Halisemi kwamba betri, ambayo lazima ichoke, haikuwekwa ili itolewe. Huo nao ni unyevu uliofichwa chini ya nafaka. Umoja wa Ulaya umeliona, na kuanzia tarehe 18 Februari 2027 sheria yake ya betri inadai kwamba, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyosamehewa, betri za vifaa vya kushika mkononi ziwe za kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Natumaini viwanda havitatengeneza aina mbili, moja ya Ulaya na moja ya kwetu. Na kwa kuwa tunanunua mitumba ya huko, miaka kadhaa baadaye faida ya sheria ile itatufikia.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisivumilie kifaa kizima kitupwe kwa ajili ya betri au programu. Betri nyingi za kompyuta zina kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, ardhi ya Kolwezi na jirani zake. Pale wachimbaji wadogo hushuka kwenye mashimo kwa kamba, wakizungumza Kiswahili ambacho mimi na wewe tungekielewa. Malori ya madini ya Kongo yanapita Tunduma kuja bandari ya Dar es Salaam. Sijui chembe zilizomo ndani ya mashine yangu zilichimbwa na nani. Ila najua kwamba jasho la mtu wa aina hiyo likishakuwa ndani ya kitu, kukitupa kikiwa na nguvu bado ni kumdharau. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na chini ya robo tu ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Nilichukua HP, pamoja na kibodi yake na kalamu. Fundi yule aliiwekea mfumo wa Linux Mint badala ya Windows, ambao hauiulizi prosesa kizazi chake. Siku mbili za kwanza nilitafuta vitufe, sasa nafanya kazi. Miswada inafunguka, kalamu inaandika, na betri itakapochoka kuna mtu mtaani kwangu atakayeitoa kwa bisibisi. Mwenye kazi za video au programu za Windows pekee ningemshauri vingine, na ningemwambia akae tayari kulipia.

Ninachokitaka sasa ni kidogo na hakihitaji tume. Kila kompyuta ya mtumba inayopandishwa shelfu ibandikwe kikaratasi: mwaka iliotengenezwa, betri imebaki kiasi gani, kibodi ni ya nchi ipi, kama Windows inayotunzwa inaingia, na nini kilishabadilishwa ndani. Mistari mitano ya kalamu ya wino. Nyama buchani tunaiona ikikatwa, gari la mtumba tunalifunua boneti. Kompyuta inauzwa imefungwa kwa sababu tu tumekubali iuzwe imefungwa. Nilipomweleza kijana wa Aggrey, alisema angependa, ila anahofu wenzake wa jirani watamwona anawaharibia soko, na mteja akisoma "betri robo tatu" atahamia duka la pili ambako hakuna karatasi na hakuna habari mbaya.

Hofu yake ni ya kweli, na jibu lake liko kwetu wanunuzi, tunaokimbilia asiyetuambia kitu. Mimi kila mwandishi anayeniuliza pa kununua namwelekeza kwa kijana huyo, na namwambia amri ile aiandike mwenyewe hata kama ripoti ameshaonyeshwa.