Dunia Haikuwa Ikitusubiri

Mahubiri mengi, ya msikitini na ya kanisani, hujengwa juu ya wazo ambalo ni nadra kuhojiwa: kwamba dunia na vyote vilivyomo viliumbwa kwa ajili ya binadamu, na kila kilichomtangulia kilikuwa matayarisho ya kuja kwake. Wazo hilo lilikubalika kwa urahisi watu walipoamini kwamba kati ya mwanzo wa dunia na mwanzo wa binadamu zilipita siku chache tu. Leo tunajua ilipita miaka ipatayo bilioni 4.5, na kwamba mabaki ya kale kabisa ya binadamu wa aina yetu yana miaka kama 300,000. Nashikilia kwamba imani kwa Muumba inaweza kuibeba miaka hiyo yote pasipo kuyumba. Kisichoweza kuibeba ni lile wazo la matayarisho, nalo ni vyema tuliache.

Wapo watakaonikatiza mapema waulize: nani alikuwapo akahesabu? Swali hilo linastahili jibu kamili. Punje ya madini yaitwayo zirkoni inapoganda ndani ya mwamba ulioyeyuka hupokea yureniamu na kuikataa risasi karibu yote. Tangu hapo yureniamu hiyo hugeuka kuwa risasi kidogo kidogo, kwa mwendo unaopimika maabara. Tena ziko yureniamu za aina mbili: moja hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 4.47, nyingine kila miaka milioni 704. Punje moja basi hutoa hesabu mbili zisizotegemeana, na zikifika kwenye jibu moja, anayekanusha ana kazi ya kueleza zimepatanaje. Zirkoni za Jack Hills, magharibi mwa Australia, zimefikia umri wa miaka bilioni 4.4. Mwaka 1956 mwanasayansi Clair Patterson alipima risasi iliyomo katika vimondo akaupata umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.55, na vipimo vilivyofuata vimeisogeza hesabu hiyo kidogo sana. Wala si fikra ngeni kwa wanazuoni wa dini. Ibn Sina, miaka elfu moja iliyopita, alieleza kwamba milima hujengwa na kuchongwa kwa muda mrefu mno. Na Augustino, karne sita kabla yake, alisita kuzichukua siku za kitabu cha Mwanzo kuwa siku za kawaida za jua.

Katika muda huo mrefu uhai ulianza mapema. Huko Pilbara, pia Australia, kuna matabaka ya mawe yaliyojengwa na vijidudu miaka bilioni 3.48 iliyopita. Kisha, kwa karibu miaka bilioni tatu, hapakuwa na samaki, hapakuwa na mdudu, hapakuwa na jani la nchi kavu. Vijidudu walikuwa wenyewe, na kazi yao iliibadili sayari nzima. Baadhi yao walitumia mwanga wa jua kuyavunja maji na kutoa oksijeni. Chuma kilichokuwa kimeyeyuka baharini kilishika kutu kikazama, kikaacha mawe ya milia; mawe ya namna hiyo yapo Geita, katika miamba ileile inayochimbwa dhahabu, nayo yana zaidi ya miaka bilioni 2.6. Yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ikaanza kukaa hewani.

Hapa mtetezi wa matayarisho ataona amepata ushahidi: kumbe vijidudu walikuwa wakitutengenezea hewa. Lakini kunufaika na jambo hakuthibitishi kwamba lilifanywa kwa ajili yako peke yako. Kitindamimba hawezi kudai kwamba kaka na dada zake walizaliwa ili wamchotee maji, hata kama kweli humchotea. Kwa vijidudu wengi wa wakati ule oksijeni ilikuwa sumu. Na yako mengi ambayo hayakutuandalia chochote. Viumbe waitwao trilobiti walijaa baharini tangu mapema katika kipindi cha Kambria, wakadumu kwa takriban miaka milioni 270, wakatoweka katika maangamizi ya mwisho wa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 iliyopita, pamoja na sehemu kubwa ya spishi za baharini. Hawakuacha mzao. Dinosaria wakubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, na mmoja wao sasa amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Je, waliumbwa wakafa ili siku moja watu wakate tiketi kuwatazama? Asemaye hivyo anamdogosha Muumba kuliko anavyomtukuza.

Mpinzani mwingine huja kutoka upande wa pili. Asiye na imani husema upotevu mkubwa kiasi hiki unaonyesha hakuna kusudi lolote. Nimependa kuipima hoja yake kwa makini, kwa sababu ni nzito, na nimeona imesimama palepale anaposimama mhubiri. Muda ule ni upotevu iwapo tu sisi ndio tuliokuwa shabaha. Ukikubali kwamba trilobiti alikuwa na thamani kwa kuishi kwake mwenyewe, miaka milioni 270 si hasara ya mtu yeyote.

Maandiko yenyewe yamelifungua jambo hili kuliko wafasiri wengi. Katika Mwanzo, samaki na wanyama wanahukumiwa kuwa wema kabla Adamu hajakuwapo. Ayubu anapolalamika, Mungu anamjibu kwa kumtajia wanyama wa mwituni na mvua inyeshayo nyika isiyokaliwa na mtu. Sura ya Al-Insan inaanza kwa kumkumbusha binadamu zama ambazo hakuwa kitu cha kutajwa. Ni kweli Al-Baqara inasema vilivyomo ardhini viliumbwa kwa ajili yetu, na aya hiyo haipaswi kufichwa. Ila inatupa neema, haisemi kwamba wengine hawana fungu, na Al-An'am inawaita wanyama na ndege umma mfano wetu.

Wengine wataona haya yanamshusha binadamu. Lakini cheo hakipimwi kwa kuwahi kufika wala kwa wingi wa miaka. Binadamu ndiye anayeulizwa alichofanya, na hilo linamtosha. Mfano wa hilo ni chura wa Kihansi: mdogo kuliko kidole gumba, alijulikana kwa sayansi miaka ya 1990 katika korongo moja tu la milima ya Udzungwa. Bwawa la umeme likapunguza maji ya maporomoko yaliyomlowesha, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliohifadhiwa Marekani walizaliana, na kuanzia mwaka 2012 Tanzania ikaanza kuwarudisha korongoni, ambako mabomba hunyunyiza maji badala ya maporomoko. Kazi hiyo ni ya haki hata kama chura huyo hatatupa faida yoyote, na viongozi wetu wa dini walipaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo mimbarini.