Kadi ya Padri wa Gulu

Walikuwapo ndugu wawili wa baba mmoja, mama mbalimbali, mmoja akiishi Bungoma, mwingine Kitale. Mzee alipofariki aliacha shamba karibu na Kitale, na ukoo ukakubaliana kwamba mkubwa achague sehemu yake kwanza. Mkubwa nani? Walizaliwa mwaka mmoja, na mama zao wote wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Wa Bungoma alitoa cheti cha ubatizo cha misheni ya Mill Hill: 20 Oktoba. Wa Kitale alizaliwa Gulu, Uganda, mzee alipofanya kazi huko, akabatizwa na mapadri wa Verona, Waitaliano waliofika Gulu mwaka 1911 na ambao leo tunawaita Wakomboni. Alikuwa na kadi iliyofifia wino: "14 9bre". Tisa ni Septemba, akasema, hiyo ni hesabu ya mtoto wa shule. Wazee wakaitikia. Akachukua upande wa barabarani, mpima ardhi akasimika bikoni, mahindi yakapandwa.

Mwandiko wa Kiitaliano wa zamani una mitego mingi. Moja yenye mkia mrefu, kwa mfano, hudhaniwa saba. Huu ulikuwa mtego wa kalenda. Warumi wa kale walianza mwaka mwezi wa Machi, hivyo mwezi wao wa saba ndio Septemba, wa nane Oktoba, wa tisa Novemba, wa kumi Desemba. Kalenda ikageuzwa, majina yakabaki, na waandishi wa Italia wakaendelea kuyafupisha kwa tarakimu: 7bre, 8bre, 9bre, Xbre. Basi 9bre ni Novemba.

Kinachoudhi ni kwamba kadi ilijieleza yenyewe. Mstari wa chini, kwa mkono uleule, padri aliandika siku ya ubatizo: "25 Xbre, Natale", yaani Krismasi. Kwa hesabu yake ya mtoto wa shule, X, yaani kumi, ingekuwa Oktoba, na Krismasi haijawahi kuangukia Oktoba. Lakini ndugu yetu alikwisha kupata alichokitaka mstari wa juu, akaikunja kadi. Sidhani alikuwa mwongo. Mwenye haja husoma upesi, tena kwa sauti kubwa.

Mahindi yalipofika kiunoni, padri mzee Mkomboni aliyepitia Kitale akielekea Pokot aliombwa aisome.

"Novemba," akasema, akaomba chai.

Mpima ardhi ameitwa tena, na safari hii ada yote inalipwa na mwenye kadi.