Upepo ni wa Nani?

Nyumba ina kazi mbili: kumhifadhi mtu na kumpa mtu sifa. Kazi hizi zikipatana, mwenye nyumba hustarehe. Zikigombana, aghalabu sifa hushinda na mwili ukaumia. Katika nchi za joto ugomvi huu huonekana upesi. Basi yafaa tuulize swali ambalo wajenzi hawaulizwi mara nyingi: je, mtu ana haki ya kujipatia ubaridi kwa njia yoyote aipendayo?

Mji wa Kisumu ni mahali pema pa kulipimia swali hili. Umekaa kando ya Ghuba ya Winam, karibu sana na Ikweta, nao umeinuka mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Jua lake huchoma, lakini ziwa ni rafiki. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi zaidi huja kushika nafasi yake. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka barani kwenda ziwani. Zawadi hii haiuzwi sokoni, wala haichagui tajiri na maskini.

Wajaluo wa zamani walijua kujikinga na jua. Nyumba yao ilikuwa ya mviringo, yenye kuta za udongo na paa la nyasi lililoteremka kupita ukuta. Nyasi zilizuia joto, udongo ulichelewa kupata moto, na upenu ulitia ukuta kivuli. Kisha likaja bati. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bati haliliwi na mchwa, haliogopi cheche, na hutukingia maji ya mvua. Lakini likiwekwa tupu, bila dari, saa nane ya mchana huigeuza nyumba kuwa tanuri. Chini yake yumo mgonjwa anayetaka usingizi na mtoto anayetaka kufanya hesabu zake. Kosa si la bati. Kosa ni la kuchukua kitu kipya na kuiacha akili ya zamani. Dari, rangi nyeupe juu ya paa, upenu mpana na tundu la juu la kutolea hewa ya moto vingeondoa sehemu kubwa ya adha hiyo.

Kujenga vema si jambo jepesi. Karibu na Ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo zipigwazo zaidi na jua. Kwa hiyo yafaa kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Lakini Kisumu upepo wa alasiri hutoka upande wa ziwa, na huko huko ndiko jua linakozama. Mjenzi mwenye busara hafungi upande ule. Huweka baraza pana au hupanda mti, jua likazuiwa na upepo ukapita. Tena tundu lipitishalo upepo hupitisha na mbu wa malaria, adui mkubwa wa mwambao huu. Tundu hilo halina budi kuwekwa wavu.

Wako watakaosema kuwa taabu yote hii ni bure, maadamu kiyoyozi kinauzwa. Kiyoyozi kina mahali pake: chumba cha upasuaji hukihitaji. Lakini hakiliui joto. Hulitoa chumbani na kulitupa nje, pamoja na joto la kazi yake chenyewe. Aliye ndani hushukuru, na apitaye njiani hupokea. Vivyo hivyo, mtu ainuaye ukuta mrefu mpakani huweza kumnyima jirani upepo. Atasema, “Kiwanja ni changu na fedha ni zangu.” Ni kweli, lakini hati ya kiwanja hupima ardhi, haipimi upepo. Mali humpa mtu ruhusa ya kujenga. Haimpi ruhusa ya kumtwika mwenzake joto lake.

Kwamba ubaridi waweza kupatikana bila kumdhulumu mtu si ndoto. Mwaka 2021, kando ya Ziwa Turkana, mahali penye joto kali kuliko Kisumu, ilimalizika shule ya ufundi wa kompyuta iliyochorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso. Aliipa minara mirefu mfano wa vichuguu vya mchwa. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa baridi huingilia matundu ya chini.

Msomaji kijana, huenda siku moja ukajenga, au ukaombwa ruhusa ya kukata mti mtaani. Siku hiyo usijiulize tu kama wewe utapata ubaridi. Jiulize pia joto unaloliondoa litakwenda kwa nani. Ubaridi wa mti humfikia hata mtu asiyeupanda, na katika hilo mti hutushinda wengi wetu kwa uadilifu.