Je, Sadaka Yaweza Kufunika Dhuluma?



Liko swali ambalo Wakristo tumeulizana tangu zamani, nalo ni hili: mtu akidhulumu kwa mkono mmoja, na kuwapa maskini kwa mkono wa pili, je, tumhesabu kuwa mtu mwema? Na tulitazame kwa habari za mji wa New York, Marekani, katika karne ya 19, wakati viwanda vilipokuwa vikikua na watu wakimiminika mjini kutafuta kazi.

Wengi wao walitoka Ireland na Ujerumani. Walikaa katika nyumba za ghorofa za kupanga, jamaa nzima katika chumba kimoja au viwili, penye giza na hewa haba, na maji ya kuchota uani. Aliyeumia kiwandani mara nyingi hakulipwa kitu. Ndipo walipotokea wakubwa wa Tammany Hall, chama kilichoshika siasa za mji. Wakati wa baridi walileta makaa ya mawe. Mwenye njaa walimpa chakula. Kijana walimtafutia kazi. Nao walitaka kura.

Mkuu wao alikuwa William Tweed. Jengo la mahakama lililoanza kujengwa mwaka 1861 lilikadiriwa dola 250,000; mwishowe zilitumika zaidi ya milioni 10. Katika hati za malipo, mpiga lipu mmoja aliandikiwa zaidi ya dola 130,000 kwa kazi ya siku mbili! Sehemu kubwa ya fedha za namna hiyo ilirudi mifukoni mwa wakubwa. Lakini katika baridi ya mwaka 1870 Tweed huyo huyo alitoa dola 50,000 kwa maskini wa mtaa wake, nao wakamsifu. Mwaka 1871 magazeti yalifichua hesabu hizo. Mwaka 1873 alihukumiwa, na mwaka 1878 akafia gerezani.

Hatuwezi kumlaumu mjane aliyepokea makaa yale. Mkono mtupu haulambwi, na waungwana wengi waliopiga kelele juu ya wizi hawakuwahi kupanda ngazi za nyumba yake. Lakini makaa yale yalitoka wapi? Yalitoka katika fedha za mji. Mji ukimtoza mwenye nyumba, naye humwongezea mpangaji. Basi mjane alilipia makaa yake mwenyewe, kisha akashukuru, kisha akalipa tena kwa kura. Zaidi ya hayo, iliyokuwa haki yake iligeuzwa kuwa hisani, ya kuombwa kwa kuinama.

Wala tusidhani ni wanasiasa tu. Kanisa la Trinity, mjini humo humo, ni la ushirika wetu wa Anglikana. Tangu mwaka 1705, lilipopewa ardhi kwa jina la Malkia Anne, limekuwa na mali nyingi, na katika ardhi yake zilisimama nyumba nyingi za maskini. Sheria ya mwaka 1887 iliagiza maji yafikishwe katika kila ghorofa. Kanisa lilikataa, likaenda mahakamani kutetea mali yake, na mwaka 1895 likashindwa katika rufani. Wakati huo huo kodi za nyumba zilikuwa zikisaidia ibada na kazi za huruma. Ni baada ya magazeti kuzidi kulalamika, mwaka 1908 na 1909, ndipo nyumba nyingi zilipobomolewa. Wazee wa kanisa lile hawakuwa wezi. Walihesabu sadaka zao vizuri, lakini hawakuhesabu ndoo za maji alizopandisha mama mwenye mimba.

Tumkumbuke Zakayo, katika Luka 19. Alipotubu alitaja mambo mawili, wala hakuyachanganya: nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa wale aliowadhulumu, marudisho mara nne. Hakusema kwamba kwa kuwa amewapa maskini, basi deni limekwisha. Kulipa deni si sadaka, na sadaka hailipi deni.

Hatusemi kwamba kasisi amhoji kila mtu atoaye mchango. Shilingi haina alama ya ilikotoka. Lakini tukipokea fedha ya mkubwa, tusimwuzie ukimya wetu. Tukishukuru bati la paa, tuwe bado na kinywa cha kuuliza habari za dawa zilizopotea zahanatini.

Tena tuanze nyumbani kwetu. Yuko kibarua anayengoja ujira wake tangu mwezi uliopita, na huku bwana wake ameweka noti kubwa katika kikapu cha sadaka. Jumapili ijayo, kabla hatujaenda kanisani, tumlipe kwanza.